Gia ya fotokopi imeng'oka meno, nataka kuichora mwenyewe iprintiwe: nianzie wapi?

Mama_Kopi, Morogoro

Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi.

Nina steshenari ndogo karibu na stendi ya Msamvu, huu mwaka wa tisa. Kompyuta naijua kwa kadi za harusi, vitambulisho, CV za vijana na barua za kuomba kazi. Huku kwa kuchora vitu vya kuprinti kwa 3D nimeingia Februari, na sikuingia kwa kupenda.

Ilikuwa hivi. Mashine yangu kubwa ya fotokopi ilianza kukohoa. Ukiiagiza kopi kumi, ya nne inakwama kwenye fyuza, ile sehemu ya moto inayogandisha wino kwenye karatasi, na karatasi inatoka imekunjamana kama kitenge kilicholaliwa. Fundi akafungua ubavu, akanitolea gia nyeupe ya plastiki, ukubwa wa kifuniko cha soda, meno mawili hayapo. Nikapiga simu Kariakoo. Jibu: gia peke yake haiuzwi, mama, chukua fyuza nzima, laki mbili na themanini. Kwa kitu cha ukubwa wa kifuniko cha soda! Nilikata simu kabla sijamtukana mtoto wa watu.

Mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo akaniambia, shangazi, siku hizi hivyo vinachorwa kwenye kompyuta halafu vinaprintiwa, pakua Blender. Nikapakua. Video ya mafunzo ikasema wanaoanza huanza na donati. Basi wiki mbili nzima, kila nikishafunga duka, mimi na donati. Nimeipaka sukari ya waridi, nikaimwagia chengachenga za rangi, kivuli chake mezani kikakaa vizuri kabisa. Wanangu waliipenda. Gia yenyewe bado ilikuwa kwenye kikopo cha klipu.

Nikaona nijaribu hivyohivyo. Nikachora duara, nikavuta jino moja kwa macho, nikalizungusha nakala 37. Faili nikamtumia kijana mmoja wa Dar mwenye mashine. Akajibu: "Mama, faili lako halina kitu." Nikatuma tena. Akasogeza karibu mpaka akakuta kidoti, eti upana wake milimita 0.03. Akaikuza kwa kukisia, akaprinti, akaipakia kwenye basi. Elfu kumi na tano zangu zikaenda hapo.

Ilipofika, tundu halikuingia kwenye kipini, nikalikwangua kwa kisu. Meno yakagoma kushikana na gia jirani, nikayasugua kwa msasa. Ikazunguka! Nikapiga kopi ishirini na kitu nikiwa nacheka peke yangu dukani. Halafu nikasikia "kwaruuu". Kufungua, gia imelainika kama pipi iliyosahauliwa mfukoni.

Sasa naomba msaada. Laptop yangu ni i3, RAM 4GB, intaneti ni bando la simu. Nijifunze programu ipi ambayo haitanirudisha kwenye donati? Na gia ambayo meno yake mengine hayapo, mtu anaipimaje? Na tafadhali asitokee wa kuniambia ninunue fyuza.

---

Mzee_Karakana

Marahaba binti yangu. Mimi nimestaafu karakana ya reli, gia nimekata miaka mingi kwenye mashine za chuma kabla hizi za kuprinti hazijafika kwetu. Kompyuta nimefundishwa na mjukuu, kwa hiyo tuko darasa moja.

Blender ni programu nzuri, ila ni ya wachongaji na watengeneza katuni. Pale unavuta udongo mpaka jicho liridhike. Gia hairidhishi jicho, inaridhisha gia mwenzake. Wewe unataka programu unayoiambia kipenyo ni 32, na kesho ukisema ni 31.5, kila kilichotegemea kipenyo hicho kinajisogeza chenyewe. Kwa laptop yako na bando lako, chukua FreeCAD. Ni ya bure kabisa, ukishaipakua haihitaji intaneti tena, na kwa kitu kidogo kama hicho RAM 4GB itavumilia ukifunga kila kitu kingine. Lakini chukua toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, au la baada yake. Usikubali lile la zamani analokupa mtu kwenye flashi. Matoleo ya nyuma yalikuwa na ugonjwa mmoja: ukirudi kurekebisha mchoro wa mwanzo, nyuso za umbo zinabadilishana namba, na ulichojenga juu yake kinaporomoka. Wengi walikimbilia mbali kwa sababu hiyo.

Utachora mchoro bapa kwanza. Mistari itakuwa myeupe. Kila unapoifunga kwa kipimo au kwa sharti, huu ulale, huu usimame, hizi pointi zikutane, uhuru wake unapungua. Siku mchoro wote utakapogeuka kijani, jua hakuna mstari unaoweza kutoroka. Kisha unauinua kuwa na unene. Usiinue mchoro ambao haujawa kijani, hata kama usingizi umekubana.

Kuhusu kile kidoti: faili la STL, lile unalomtumia mwenye printa, halibebi kizio cha kipimo, linabeba namba tupu. Blender huhesabu kwa mita. Gia yako ya milimita 32 kwake ni 0.032. Programu ya mashine ikaisoma 0.032 ikadhani ni milimita. Ilikuwa ndogo mara 1,000 tu, na kijana hakukudanganya.

Tuje kwenye kupima. Una kalipa, kile kipimio chenye taya mbili? Kama huna, nunua hata ya bei ya chini kabla hujanunua bando. Halafu kwa kuwa una steshenari, una kidau cha wino wa muhuri. Biringisha gia juu ya wino, kisha uibiringishe kwenye karatasi nyeupe, mzunguko mmoja kamili. Weka alama kwa kalamu kwenye jino la kuanzia. Kila jino litaacha mstari, na pale palipong'oka utaona uwazi. Gawa uwazi huo, mstari mzima hadi mstari mzima, kwa nafasi ya mistari mingine, kisha toa moja, utajua waliokufa ni wangapi. Kuhesabu kwa kidole kwenye gia iliyovunjika ndiko kunakodanganya watu.

Baada ya hapo pima kipenyo cha nje, ncha kwa ncha. Idadi ikiwa shufwa, jino linatazamana na jino, kipimo ni cha moja kwa moja. Ikiwa witiri, jino linatazamana na pengo, na kalipa itakupa pungufu.

Sasa chukua kipenyo hicho, gawa kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. Jibu linaitwa moduli. Mfano, meno 30 na kipenyo 32, ni 32 kugawa kwa 32, moduli 1. Litakuja na desimali za ajabu kwa sababu gia imelika. Usiziheshimu. Viwanda hukata kwa moduli zinazojulikana: 0.5, 0.6, 0.8, 1, 1.25, 1.5. Chagua iliyo karibu. Gia mbili zinazoshikana lazima ziwe na moduli moja, hakuna ndoa nyingine hapo. Mashine nyingine zina gia za vipimo vya inchi, ila za ofisi mara nyingi ni moduli.

Na usichore jino hata moja kwa mkono. Ubavu wa jino si mstari na si kipande cha duara. Chukua kibobini cha uzi, funga kalamu kwenye ncha ya uzi, uufungue huku umekaza: njia inayopitia kalamu ndiyo ubavu wa jino. FreeCAD inajua kuchora mkunjo huo. Kwenye menyu ya Part Design kuna kifaa cha gia, unakipa idadi ya meno, moduli na pembe ya msukumo, ambayo kwa kawaida ni nyuzi 20. Meno yanajipanga. Wewe unabaki na unene na tundu.

Kabla ya yote itazame gia kwa ubavu. Meno yako yamesimama wima au yamelala mshazari? Ukinijibu mshazari, futa nusu ya niliyoandika.

---

Bei_Sawa

Mama umekataza lakini nitasema. Wewe ni mfanyabiashara. Wiki mbili za donati, wiki mbili za gia, mashine imelala, wateja wanaenda kwa jirani. Tafuta fyuza ya mtumba, zinatoka kwenye mashine zilizokufa, utapata nusu bei. Haya mambo ya 3D waachieni wanafunzi.

---

Mama_Kopi

@Bei_Sawa asante kaka, nina mashine ndogo inasukuma siku. Na ya mtumba nilishawahi kununua mwaka juzi. Ilikuja na gia ileile, imeng'oka jino lilelile. Sasa niambie nani kamuuzia nani ugonjwa.

@Mzee_Karakana yamesimama wima, nimemulika kwa tochi. Kalipa nimeagiza. Wino ninao debe.

---

JuaKali_254

Salamu kutoka Nairobi, dada. Mzee ameongea yote, naongeza kidogo tu.

Mimi kazi yangu ni kukata akriliki kwa leza, vibao vya ofisi na tuzo. Mwezi wangu wa kwanza nilichora kisanduku cha vipande vinavyoumana kama vidole, kila kitu kipimo kamili kwenye skrini. Kukata, vipande vinacheza kama meno ya mtoto wa miaka saba. Leza inakula njia yake, kwa mashine yangu ni kama milimita 0.2, na mimi sikuwa nimeihesabu. Kwenye printa ni kinyume, plastiki inavimba kidogo na tundu linatoka dogo. Ndiyo maana uliishia kwa kisu. (Na kama kuna anayesoma hapa mwenye leza: usikate PVC. Ule moshi una klorini, unaharibu mashine, na mapafu yako pia.)

Ukiona FreeCAD inasumbua laptop, jaribu OpenSCAD. Ni nyepesi mno. Huburuti kitu kwa kipanya, unaandika: silinda ya kipenyo hiki na kimo hiki, toa silinda ya kipenyo kile. Juu kabisa unaandika tundu = 8.3, na kila mahali palipo na neno tundu panafuata. Wewe unayechapa barua za watu siku nzima unaweza kuipenda kuliko kipanya. Kuna maktaba za gia ambazo watu wameshaziandika, unaziita tu.

Mimi nilijifunzia Fab Lab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nikikaa nyuma ya wanafunzi wa uhandisi. Uliza vyuo vya huko kwenu kama wana maabara ya namna hiyo. Kukaa kando ya mashine inapoharibu kazi yako kunafundisha haraka kuliko video kumi.

---

Mwl_Tehama

Kwa wengine watakaopita hapa wakitafuta pa kuanzia: kidato cha kwanza wangu naanza nao Tinkercad. Inafunguka kwenye kivinjari, ya bure, na kwa kipindi kimoja mtoto anatoka na kibanio cha funguo chenye jina lake. Inahitaji intaneti muda wote, kwa hiyo kwa Mama_Kopi na bando lake siipendekezi.

---

Kijana_Nozeli, Dar

Mama, mimi si yule kijana, ila nimtetee kidogo. Hukumwambia gia inakaa wapi. Angejua ni jirani wa fyuza asingetumia PLA, plastiki ya kawaida ya kuprintia.

PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Ukiisahau kwenye dashibodi ya gari Dar mchana, unaikuta imepinda. PETG inafika kama 80, ABS karibu 100. Rola ya fyuza ikifanya kazi iko kwenye 180 mpaka 200. Gia haigusi rola, lakini wanalala chumba kimoja na mlango umefungwa. Mimi ningetumia nailoni. Haikatiki kirahisi na inateleza vizuri. Ubaya wake inakunywa unyevu wa hewa, na masika haya ukiiprinti bila kuikausha inatoa povu kama mahindi ya kuchoma. Muulize mwenye mashine kama ana njia ya kuikausha. Akikushangaa, tafuta mwingine.

Kingine ambacho watu hawakitazami. Tuseme moduli yako ni 0.8. Unene wa jino katikati ni pai mara 0.8 gawa kwa 2, kama milimita 1.26. Nozeli, ile ncha inayotoa plastiki, kwa kawaida tundu lake ni milimita 0.4. Maana yake jino lote ni mistari mitatu ya plastiki, na nchani ni mmoja au miwili. Omba nozeli ya 0.25 kama ipo. Gia ilale chali, isisimame, ili mistari izunguke na jino. Ikisimama, matabaka yanapita shingoni mwa jino na ndipo patakapokatika.

Na kabla ya gia, printi pete nne nyembamba, unene milimita 3, matundu 8.0, 8.2, 8.3, 8.4 kama kipini chako ni 8. Dakika chache tu. Inayoingia bila kulazimisha na bila kucheza, hiyo ndiyo namba yako kwa mashine hiyo na plastiki hiyo. Ukihama mashine, unaanza upya.

---

Mama_Kopi

Narudi baada ya wiki tano. Samahanini, ilikuwa msimu wa fomu za shule.

Mzee, ule wino! Nilibiringisha gia kwenye karatasi ya A4, mistari ikajipanga kama sega. Mimi nilikuwa nahesabu 37 kila siku. Karatasi ikasema 38. Pale palipong'oka nilikuwa naona pengo la meno mawili, kumbe ni matatu, kishina kimoja kilikuwa kimelala kabisa. Kipenyo nikapata 31.8. Gawa kwa 40, ikaja 0.795. Kwa hiyo 0.8, na gia mpya ikiwa haijalika ni milimita 32 kamili.

Ila usiku nikaanza kuwaza. Nikichukua lile 37 langu la zamani, 31.8 gawa kwa 39 ni 0.815, nayo nayo inaangukia 0.8. Ina maana ningeweza kupata moduli sahihi kwa gia isiyo sahihi, na nisijue. Ndipo nikafikiria vipini viwili vya ndani ya mashine. Gia jirani ina meno 20, nzima kabisa. Nikachomoa waya ukutani, nikasubiri ipoe, nikapima vipini nje kwa nje, 30.2. Kimoja kina kipenyo 8, kingine 6. Nikatoa 4, nikatoa 3, ikabaki 23.2. Sasa 38 na 20 ni 58, nusu yake 29, mara 0.8 ni 23.2. Ningekuwa na 37 ingekuja 22.8. Nilipiga kelele mume wangu akaja na panga akidhani ni mwizi.

FreeCAD ilinitesa siku nne. Siku ya kwanza sikujua kwamba kuna vyumba tofauti ndani yake na kila chumba kina vifaa vyake, nikatafuta kifaa cha gia mpaka nikalala. Na kuna kosa moja nililifanya mara tatu: kuchora mchoro wa tundu bila kukaa juu ya uso wa gia, tundu likaelea hewani pembeni kama sahani ya daladala iliyong'oka. Lakini nilipobadilisha tundu kutoka 8 kwenda 8.3 kwa kuandika namba tu, na kila kitu kikakaa, nilikumbuka kisu changu nikacheka.

Pete nne zilikuja kwenye bahasha. Ya 8.0 haikuingia kabisa, ya 8.2 iliingia kwa kugombana, ya 8.3 ikateremka yenyewe. Gia ya kwanza ya nailoni ilitoka na povu kweli kama alivyosema Kijana_Nozeli, nikairudisha. Ya pili mwenye mashine aliikausha usiku kucha. Nozeli ya 0.25 hakuwa nayo, akaprinti kwa 0.4, taratibu.

Iko ndani tangu Jumatatu. Leo Alhamisi mashine inasoma kopi 640 tangu niiweke, mitihani ya shule mbili. Haijakwama. Ila inapiga mluzi mwembamba ikianza, kama kettle ya mbali, kisha inanyamaza. Meno niyaache au niyasugue? Na jana kaja mwenye steshenari ya mtaa wa pili na gia yake mkononi. Hiyo meno yake mshazari.

---

Mzee_Karakana

Usiguse na msasa tena. Nailoni mpya inajitafutia njia yake. Weka grisi ya silikoni, ukubwa wa punje ya mtama, meno matatu manne, uzungushe kwa mkono. Usitie ile ya mnyororo wa baiskeli, itavuta vumbi la karatasi na tona mpaka iwe sabuni nyeusi. Mluzi ukiendelea baada ya kopi elfu moja, nitumie picha ya meno kwa karibu.

Ya jirani mwambie aiache kwako Jumamosi. Ibiringishe kwenye wino kama ile ya kwanza, na safari hii mistari itakuja imelala. Kabla ya kitu kingine pima pembe iliyolalia.